Tuwaambie Nafula na Cherop

Darasa la chekechea kati ya Kitale na Bungoma halikosi Nafula, na ukipanda kuelekea Cheptais au Kapsokwony halikosi Cherop. Majina hayo mawili, la kwanza la Kibukusu na la pili la Wasabaot na ndugu zao Wakalenjin, yana maana moja: msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Wekesa ni wa wakati wa mavuno, Simiyu wa kiangazi, Wanjala wa njaa. Wanjala wa leo, anayepanga foleni ya uji shuleni, pengine hakuzaliwa na njaa yoyote. Amerithi jina la mzee wa ukoo aliyekwisha kufa, na ndani ya jina hilo mna mwaka ambao wimbi halikutosha ghalani. Watu wa upande huu wa nchi hawajawahi kuamini kwamba mtoto mdogo hawezi kubeba kumbukumbu. Humtwika angali mchanga, kabla hajajua kutambaa. Inashangaza basi kwamba shuleni tunawafundisha watoto hao hao amani kana kwamba wamezaliwa mahali pasipo na jana.

Elimu ya amani ipo, na haikuanza leo. Wizara ya Elimu iliiingiza shuleni mwaka 2008, moshi wa ghasia za baada ya uchaguzi ukiwa haujatawanyika, na mwaka 2014 ikatoa sera yake rasmi. Mtaala wa umilisi, ambao wengi tunauita CBC, ulipoanza kutumika kote nchini mwaka 2019 uliihesabu amani miongoni mwa maadili yake 8, pamoja na upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Sina ugomvi na orodha hiyo. Ugomvi wangu ni namna inavyomfikia mtoto: njiwa aliyechorwa ukutani, wimbo wa kuwaimbia wageni, watoto wawili walioshikana mikono kwenye bango. Hiyo ni amani isiyo na kijiji. Mtoto wa Chwele hufundishwa maneno yale yale anayofundishwa mtoto wa Nyeri, na anaweza kumaliza shule ya msingi akijua kwamba vita ni vibaya bila kujua kwamba barabara anayopita kwenda Kopsiro kumwona shangazi yake ilikuwa na vita. Nashikilia kwamba mpangilio huu umegeuzwa juu chini. Kumbukumbu ndiyo inayotangulia, amani hufuata nyuma yake. Na mahali pa kuanzia kumbukumbu ni pale pale chekechea, wala si kidato cha tatu kijana akiwa tayari ameshachagua upande.

Tuanze na kisichosemwa. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa makazi wa Chebyuk kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kwa ajili ya watu walioondolewa Chepkitale huko juu mlimani. Mpango ukatekelezwa kwa awamu 3, na kila awamu ikaacha nyuma watu waliojiona wamedhulumiwa: Wasoy wa miteremko ya chini wakiwalaumu Wamosop wa juu mlimani, Wamosop wakiwalaumu Wasoy, na wote wakiilaumu ofisi iliyoandika majina na kuyafuta. Mgao wa awamu ya tatu ndio uliowasha moto. Kundi la Sabaot Land Defence Force, SLDF kwa kifupi, likachukua silaha. Kuanzia mwaka 2006 hadi mwanzoni mwa 2008 liliua watu zaidi ya 600 kwa makadirio ya mashirika ya haki za binadamu, likawakata masikio waliokaidi amri zake, likawatoza wanakijiji kodi, na vita hivyo vikawatoa makwao watu wanaokadiriwa kufika 66,000. Halafu Machi 2008 jeshi likaja na Operesheni Okoa Maisha. SLDF ikasambaratika, kiongozi wake Wycliffe Matakwei akauawa Mei mwaka huo, na mlima ukatulia. Lakini wanaume wengi mno walizolewa vijijini na kupelekwa kambi ya Kapkota kuhojiwa, na ripoti za Human Rights Watch na za watetezi wa haki wa humu humu nchini zikaeleza mateso, na watu waliochukuliwa wasirudi. Jeshi lilikana. Ukiwajumlisha waliochukuliwa na kundi na waliochukuliwa na askari, waliotoweka wanahesabiwa kwa mamia. Jamaa zao hawana kaburi la kufyeka majani, na bila cheti cha kifo hata shamba ni shida kuligawa.

Na huo haukuwa mwanzo. Mapigano yaliyozuka Tinderet mwishoni mwa mwaka 1991 yalienea hadi Endebess, Kwanza na Saboti, yakaingia Bungoma, na watu wakalala kwenye viwanja vya makanisa na vya machifu kwa miezi. Kamati ya bunge chini ya Kennedy Kiliku iliyachunguza mwaka 1992; Tume ya Akiwumi ikayachunguza tena kuanzia mwaka 1998. Baada ya uchaguzi wa 2007, uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kitale ukageuka kambi ya wakimbizi wa ndani. Sasa tupige hesabu ndogo. Mtoto aliyekuwa na miaka 6 mwaka 1992 alikuwa na miaka 20 mwaka 2006, umri ambao makundi ya silaha huwatafuta vijana. Katika miaka hiyo 14 hakuna mwalimu aliyetumwa kumweleza kilichowafukuza wazazi wake, au kilichowafukuza wazazi wa jirani yake. Alielezwa na majivu, kisha akaelezwa na watu wazima waliokuwa na sababu zao za kumweleza hivyo. Sisemi kwamba hadithi darasani ingezuia vita vya shamba. Vita vya shamba huzuiwa na haki ya shamba, na anayedhani chaki inaweza kufanya kazi ya hatimiliki anajidanganya. Nasema kwamba ripoti zilikaa kabatini huku kizazi kizima kikifundishwa habari hizo hizo mahali pengine, na walimu wake hawakuwa wapole. Aliyekuwa na miaka 6 mwaka 2008 naye sasa ni mtu mzima. Mtoto wake pengine yuko PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea.

Pingamizi la kwanza utakalosikia ukitaja jambo hili kwenye mkutano wa wazazi ni la huruma. Mtoto wa miaka mitano ni mdogo mno, mwache acheze. Huruma hiyo inasimama juu ya dhana kwamba kama hatujamwambia, basi hajui. Mwaka 2002 mtafiti Paul Connolly na wenzake walitoa matokeo ya utafiti uliowahusisha watoto 352 wa miaka 3 hadi 6 huko Ireland Kaskazini, nchi iliyokuwa imetoka tu kwenye miaka 30 ya kuuana kati ya Wakatoliki na Waprotestanti. Watoto wa miaka 3 walikuwa tayari wanapendelea alama za upande wao. Walipofika miaka 6, karibu thuluthi moja walijitambulisha na upande mmoja, na kama mmoja kati ya kila saba alitamka maneno ya chuki dhidi ya upande wa pili. Hakuna shule iliyowapa somo hilo. Walilinusa nyumbani na mtaani, kwenye bendera, kwenye gwaride, kwenye namna sauti ya mama inavyoshuka jina fulani linapotajwa. Sisi hatuna bendera za namna hiyo, lakini tuna neno moja linalofanya kazi yote hiyo: "wale". Wale walituchomea. Wale wa juu. Wale waliokuja. Mtoto aliye chini ya meza akichezea gari la waya analisikia neno hilo na analipa uso anaoujua, uso wa Nafula au wa Cherop.

Kwa hiyo hatuulizi kama mtoto afundishwe. Anafundishwa. Tunachoweza kuamua ni nani amfundishe na kwa mpangilio gani. Nchini Marekani, Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory waliandaa maswali 20 kuhusu historia ya familia: babu na bibi walikutana wapi, nani aliugua, jambo gani baya liliwahi kuwapata. Waligundua kwamba watoto wanaoyajua majibu, yakiwemo ya misiba, huelekea kujiamini zaidi na kuyamudu maisha yao vizuri zaidi kuliko wasioyajua. Utafiti wa Atlanta hauwezi kuhamishwa Kimilili hivi hivi kama mche wa kahawa, na watafiti wenyewe walionya kwamba kujua majibu peke yake si dawa. Kinachofaa ni mazungumzo yanayozaa majibu hayo. Hata hivyo unanikumbusha jambo ambalo bibi zetu walilijua bila hojaji: kinachomtisha mtoto zaidi ni kilio ambacho hakuna anayemweleza sababu yake. Mtoto wa mlimani anayemwona bibi akinyamaza ghafla kila lori la askari linapopita anajua kuna kitu. Asipoambiwa ni kitu gani, atakitunga mwenyewe, na watoto ni watunzi hodari.

Kuna namna ya kusema, nayo ina ngazi. PP1 na PP2 hawahitaji kusikia masikio yaliyokatwa wala Kapkota. Wanahitaji mtu mmoja: alikuwa anaitwa nani, alipenda kula nini, alilima wapi, hakurudi nyumbani, na watu wake bado wanamkumbuka. Kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Kigali, yaliyofunguliwa mwaka 2004, mna chumba cha watoto waliouawa mwaka 1994. Picha zimetundikwa kubwa, na chini ya kila moja imeandikwa chakula ambacho mtoto huyo alikipenda, rafiki yake, mchezo wake. Kisha imeandikwa namna alivyouawa. Sehemu hiyo ya mwisho mimi nisingempa mtoto wa miaka mitano, lakini ile ya kwanza nampa bila kusita, maana mtoto hawezi kuifahamu idadi ya 600 na anaweza kabisa kumfahamu mtu mmoja aliyependa ndizi za kuchemsha. Akifika Gredi ya 4 na kuanza somo la jamii, aonyeshwe mahali: hapa palikuwa na kambi, hapa palikuwa na shule iliyofungwa, huu ndio mpaka wa Chebyuk kwenye ramani. Sababu, sheria, na swali la nani aliamuru nini, hayo yangoje sekondari ya msingi, na hata huko yapewe muda. Tumezoea kutumia methali ya samaki mkunje angali mbichi kuhalalisha kiboko. Kama ina ukweli wowote, uko hapa, kwenye kazi ndefu ya miaka 10 inayoanza na jina moja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanaolitoa si wajinga. Wanasema kumbukumbu hutonesha kidonda. Kwamba ardhi ya Chebyuk ingali inabishaniwa, waliouana bado wanapishana sokoni Chwele, na ukimwambia mtoto kwamba baba wa rafiki yake alikuwa kwenye kundi lililomuua babu yake utakuwa umepanda kisasi kwa mkono wako. Wana ushahidi, tena wa karibu. Kabla ya 1994 shule za Rwanda zilifundisha historia, na historia hiyo ilikuwa ya nani mwenyeji na nani mgeni, nani alimtawala nani. Ilisaidia kuitayarisha ardhi. Baada ya mauaji serikali mpya ilisimamisha ufundishaji wa historia ya nchi kwa miaka mingi kwa sababu haikujua itasema nini bila kuchoma tena. Nakubali basi kwamba kumbukumbu inaweza kuua. Inaua inapokuwa hesabu ya deni, kila upande ukifundisha wafu wake pekee. Kinga yake ni kanuni moja ambayo ningeiandika ukutani mahali pa njiwa: darasani mtoto aanze kusikia msiba wa upande wa pili kabla ya wa kwao. Nafula ajue kwanza juu ya mwanamume wa Kopsiro aliyepandishwa lori la jeshi asirudi. Cherop ajue kwanza juu ya familia ya Kibukusu iliyokimbia usiku kutoka Cheptais. Msiba wa kwao watausikia nyumbani bila msaada wa serikali.

Wala hatukosi mfano wetu wenyewe wa kumbukumbu chungu iliyosimuliwa bila kuzaa kisasi. Mwaka 1895 Charles Hobley, ofisa wa Waingereza aliyekuwa na makao yake Mumias, aliongoza kikosi dhidi ya Wabukusu. Walipigana Lumboka, kisha kwenye ngome ya Chetambe juu ya kilima karibu na Webuye, na Wabukusu wakauawa kwa wingi na bunduki. Hobley hakuwa na Waingereza wengi. Alikuwa na askari wa Kisudani, Waganda, Wamasai, na msaada wa Mumia, mfalme wa Wanga. Jeraha hilo lilikuwa la jirani kwa jirani kama la mlimani. Leo mtoto wa Bungoma husimuliwa Chetambe waziwazi, sehemu ya Mumia haifichwi, na hakuna Mwanga anayelala na mkuki kwa sababu hiyo. Utaniambia miaka 130 imepita. Ni kweli, lakini muda peke yake hauponyi. Angalia Songea nchini Tanzania, ambako mashujaa wa vita vya Majimaji walinyongwa na Wajerumani mwaka 1906 na wajukuu zao hawakuacha kuwakumbuka kila Februari, hadi Novemba 2023 rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier akaenda mwenyewe kuomba msamaha. Chetambe imepoa kwa sababu imesemwa sana, mbele ya watu wote, ikawa hadithi ya kila mtu.

Wengine huuliza: ukweli wa nani? Mahakama hazijasema, nyie walimu mtasema nini? Swali hili lina ujanja ndani yake, kwa sababu mahakama pengine hazitasema kamwe. Shirika la kutetea walioteswa, IMLU, liliifikisha Kenya mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kuhusu yaliyotendeka Mlima Elgon; mwaka 2012 kitengo cha rufaa kikaamua kwamba kesi imechelewa, maana mkataba unatoa miezi 2 tu ya kulalamika. Miezi 2! Mama anaweza kumaliza miezi 2 akizunguka kutoka kituo kimoja cha polisi hadi kingine akiuliza mwanawe yuko wapi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilifika kuwasikiliza watu wa mlima mwaka 2011, ikakusanya taarifa zaidi ya 40,000 kutoka nchi nzima, na Mei 2013 ikamkabidhi rais ripoti ambayo utekelezaji wake umekwama. Hata hivyo, kuna mambo ambayo hayahitaji hakimu. Kwamba fulani aliishi, aliondoka nyumbani siku fulani, hakurudi. Kwamba SLDF iliua, na kwamba watu walitoweka mikononi mwa askari pia. Mtu anayetaka watoto wafundishwe moja kati ya hayo mawili na kuficha jingine hatafuti ukweli. Tarehe 1 Juni 2024 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Bungoma, katika uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi, na watoto walishangilia gwaride la wanajeshi kama watoto wa popote wanavyoshangilia. Sina neno na shangwe hiyo. Lakini saa chache tu kwa matatu kutoka uwanjani hapo, sare ile ile inamaanisha kitu kingine kwa bibi mzee, na taifa lililokomaa linapaswa kuweza kumweleza mtoto wake mambo yote mawili: jeshi hili linakulinda, na jeshi hili liliwahi kutuhumiwa kuwaumiza watu wa hapa.

Kwamba kazi hii waachiwe wazazi na kanisa, nitajibu kwa ufupi. Nyumba moja ina nusu moja ya habari, na kanisa la kijijini mara nyingi lina lugha moja na upande mmoja. Shule ya umma ndiyo chumba pekee ambamo nusu mbili za habari hukaa dawati moja, hasa mjini Kitale, ambako mtoto wa Kibukusu, wa Kisabaot, wa Kikuyu, wa Kiturkana na wa Kipokot hujifunza kusoma kwa Kiswahili kwa sababu hakuna lugha nyingine ya kuwakutanisha.

Lililo gumu kweli ni la mwalimu. Mwalimu wa Kapsokwony naye alipoteza mtu, au kaka yake alibeba bunduki, au yote mawili. Tukimkabidhi kitabu cha mwongozo na kumwambia fundisha, tutakuwa tumemtupia mzigo tulioukimbia sisi. Hapa ndipo ningependa wataalamu wa mitaala waache kutazama Geneva na watazame mazishi ya Bungoma. Siku ya tatu baada ya kuzikwa mzee wa kuheshimika, Wabukusu wa koo zinazofuata desturi hiyo humwita msemaji wa kumuse. Huyo husimama uwanjani mbele ya waombolezaji, anatembea huku na huku, anataja ukoo wa marehemu, ulikotoka, ulikohama, vita ulivyopigana, aibu zake na sifa zake. Akishamaliza kukumbuka ndipo anapogeuka kuwaonya walio hai: msigombanie shamba, msidharau shemeji, viongozi acheni uongo. Mpangilio ni huo siku zote. Wafu kwanza, nasaha baadaye. Na msemaji ana ruhusa ya kusema yale ambayo wafiwa hawawezi kuyasema, kwa sababu hajasimama pale kama mfiwa. Shule ingeweza kuazima busara hiyo bila kuazima ibada yake: kwa somo hili mwalimu wa Kapsokwony afundishe Chwele kwa siku moja, na wa Chwele apande Kapsokwony, au mzee aliyekubalika na pande zote aalikwe, mwalimu wa darasa akae nyuma pamoja na watoto wake. Gharama ni nauli.

Na hatuna haja ya kungoja Nairobi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Mtaala unabaki mikononi mwa taasisi ya mitaala ya taifa, KICD, lakini walimu wa PP1 na PP2 wanaajiriwa na serikali za Bungoma na Trans Nzoia, madarasa yanajengwa nazo, na mafunzo ya walimu hao wakati wa likizo yanaweza kupangwa nazo. Kaunti hizi hupenda kuhesabu madarasa ziliyoyajenga. Hatujazisikia zikishindania kilichomo ndani. Kitale kuna jumba la makumbusho lililotokana na mkusanyiko wa Hugh Stoneham, mlowezi aliyeanza kuonyesha vitu vyake mwaka 1926, likawa la taifa mwaka 1974. Mabasi ya shule hufika kila wiki, watoto huona nyoka, mamba na nyumba za jadi za jamii za eneo hili, wanarudi na soda. Ukuta mmoja wa majina ya waliouawa na waliotoweka, kati ya mamba na nyumba hizo ungewezekana kwa bajeti ya warsha moja ya hotelini, mradi majina yapatikane kwa idhini ya jamaa zao na yasipangwe kwa kabila.

Kalenda nayo imekwisha kutusaidia bila sisi kuomba. Tarehe 30 Agosti ni siku ya Umoja wa Mataifa ya kuwakumbuka waliotoweshwa, na katika kalenda za shule za miaka ya karibuni huangukia mwanzoni mwa muhula wa tatu. Tarehe 21 Septemba ni siku ya kimataifa ya amani, ambayo shule nyingi tayari huiimbia. Katikati mna wiki 3. Katika wiki hizo mtoto wa PP2 anaweza kwenda nyumbani na swali moja kwa bibi yake, nani hakurudi na alipenda nini, akarudi na jibu, akalichora kwa penseli za rangi, na mchoro wake ukabandikwa karibu na mchoro wa mtoto aliyetoka upande wa pili wa mto Kuywa. Bibi wengine watakataa kujibu, na mtoto atabandika karatasi tupu yenye jina lake. Mwalimu asiijaze.